DRIPU NYEUPE: MGONJWA ANAYELISHWA KWA MSHIPA NA SWAUMU YAKE



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza mbele ya vijana wenzangu baada ya swala ya Alasiri, watu wakiwa na swaumu zao na koo zimekauka. Nimeombwa niyaandike ili na wewe uliye nyumbani uyapate. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, ila mzaha nimeupunguza.

Mada yangu ni dripu. Sio ile dripu ya maji maangavu ambayo sote tumeiona. Ni ile nyeupe pepepe, mtu akiiona atadhani ni maziwa. Ile ni mafuta. Ndio, mafuta, yanaingizwa ndani ya mshipa wa damu, na mgonjwa anaishi kwayo. Nimeichagua mada hii kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na nataka wewe usilirudie.

KISA CHA AMI YANGU

Ramadhani moja ami yangu alipasuliwa tumbo. Utumbo wake mwembamba ulikuwa umejisokota, damu ikakosa kupita, sehemu kubwa ikafa ikabidi ikatwe. Baada ya upasuaji daktari alisema hawezi kula wala kunywa kwa siku nyingi. Akawekewa mrija kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, na juu yake ukatungikwa mfuko mmoja mkubwa, mweupe.

Mke wa ami alishtuka. "Mbona mwamtia maziwa mishipani?" Sista akamwambia, "Mama, hicho ndicho chakula chake."

Jioni akaja mzee mmoja kumzuru. Akatazama mfuko, akasema, "Basi huyu hana swaumu, manake analishwa." Hakuwa na nia mbaya mzee wa watu, na alilolisema lina msingi kama tutakavyoona. Lakini ami alilichukua moyoni. Ni mtu aliyefunga tangu ana miaka minane, hajawahi kula mchana wa Ramadhani. Usiku ule akaniita, mimi ndiye niliyekuwa nalala naye wodini.

"Mwanangu, ikifika alfajiri nitakifunga hiki kigurudumu cha dripu. Magharibi nitakifungua. Usimwambie sista."

Ndugu yangu, mimi wakati ule nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba chakula cha mshipani chenye sukari nyingi hakikatwi ghafla. Na madrasa nilikuwa nimesoma kwamba mgonjwa ana rukhsa ya kula. Elimu mbili, zote zilikuwa kichwani mwangu. Nikasema nini? Nikasema, "Naam, ami." Niliona haya kumrekebisha mtu aliyenilea.

Adhana ya alfajiri ilipolia, akakifunga. Haikupita muda mrefu, kama saa moja na nusu hivi, nikamuona anatokwa na jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la babu yangu aliyekwisha fariki. Nikakimbia kumwita sista. Akampima sukari, ikawa imeshuka vibaya. Akamdunga sukari mshipani, na baada ya dakika chache ami akafungua macho akauliza kuna nini.

Nilimwambia sista ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe ulijua?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mada hii.

KWA NINI MTU ALISHWE KWA MSHIPA?

Kwanza tuelewe kwamba madaktari hawapendi kulisha mtu kwa mshipa. Kanuni yao ni rahisi: utumbo ukifanya kazi, utumie. Mgonjwa asiyeweza kumeza lakini tumbo lake zima hutiwa mpira puani unaofika tumboni, akapewa uji mwepesi au maziwa maalumu. Ni rahisi na ni salama zaidi.

Mshipa hutumiwa pale utumbo wenyewe umeshindwa: umekatwa, umetoboka, umeziba, au umelala baada ya upasuaji na hautaki kuamka. Pia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao utumbo wao haujakomaa. Watu hawa zamani walikuwa wakifa njaa huku wamezungukwa na chakula.

Hapa nataka kuondoa dhana moja. Wengi wetu tukimkuta mgonjwa ametungikwa dripu ya glukosi tunasema, "Alhamdulillah, anapata chakula." Hebu tupige hesabu. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hiyo ni kama kalori 170 tu. Mtu mzima wa kilo 60 aliye kitandani anahitaji kalori 1500 hadi 1800 kwa siku. Ili umshibishe kwa dripu hiyo utahitaji karibu lita 9 au 10 kila siku. Maji hayo yatamfurisha mapafu kabla hayajamshibisha! Dripu ya kawaida inazuia kiu na ukavu wa mwili, na inabebea dawa. Chakula sio.

Basi si tuzidishe sukari ndani ya maji? Inawezekana, lakini sukari nzito huunguza mishipa midogo ya mkono. Ndiyo maana ami alitiwa mrija kwenye mshipa mkubwa, ambako damu ni nyingi na inakwenda kasi, sukari ikifika pale inachanganyika mara moja. Na sukari peke yake haitoshi. Mwili unahitaji protini, chumvi, vitamini, na mafuta.

Mafuta ndiyo yenye nguvu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya sukari. Mfuko wa nusu lita wa dripu nyeupe ya asilimia 20 una gramu 100 za mafuta, na unatoa takriban kalori 1000. Yaani nusu lita hiyo ni sawa na karibu lita 6 za glukosi ya asilimia 5. Na kwa kuwa uzito wake unakaribiana na ule wa damu, hauunguzi mshipa, hata mshipa mdogo wa mkono unaupokea.

Tena kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe, lazima yatoke nje. Mgonjwa akilishwa wiki nyingi bila mafuta, ngozi yake hukauka na kutoka magamba, nywele hupukutika, na vidonda hukawia kupona.

MAFUTA YALIINGIAJE KWENYE DAMU?

Ukichukua mafuta ya kupikia ukayadunga mshipani utaua mtu. Hili lazima lieleweke. Mafuta na maji hayapatani. Yakiingia kwenye damu yanakuwa madonge, yanapita moyoni upande wa kulia, kisha yanakwama kwenye mishipa midogo ya mapafu. Njia hiyo ya damu, kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, aliieleza mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis katika karne ya 13, na huyo huyo alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafi. Hebu angalia, tabibu na faqihi ndani ya kilemba kimoja!

Wazungu walijaribu mapema. Mwaka 1656 huko Uingereza, Christopher Wren alimdunga mbwa mvinyo mshipani kwa kutumia unyoya wa bata. Katika karne hiyo hiyo William Courten alimtia mbwa mafuta ya zeituni, na mbwa akafa. Ikapita zaidi ya miaka 200 watu wakihangaika. Marekani waliwahi kutumia mafuta ya mbegu za pamba, lakini wagonjwa walipata homa, manjano na kutokwa na damu, yakaondolewa katikati ya miaka ya 1960.

Aliyefaulu ni daktari wa Sweden, Arvid Wretlind. Yeye na wenzake walijaribu mafuta ya aina nyingi, mwisho wakafikia mafuta ya soya yaliyochanganywa na maji kwa kutumia kitu kinachotolewa kwenye kiini cha yai la kuku, kiitwacho fosfolipidi. Dawa hiyo, Intralipid, ilikubaliwa Sweden mwaka 1962.

Ukitaka kujua yai linafanya nini, muulize mamako anayejua kutengeneza mayonezi. Mafuta yanakubali kukaa pamoja na siki kwa sababu ya kiini cha yai. Upande mmoja kinashika mafuta, upande mwingine kinashika maji. Wataalamu huita mchanganyiko kama huu emalsheni. Mafuta huvunjwavunjwa kiwandani hadi kila tone linakuwa dogo chini ya nusu ya maikroni. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikroni 7 au 8. Kwa hiyo tone hilo linapita popote chembe ya damu inapopita. Ule weupe ni mwanga unaotawanywa na mamilioni ya matone hayo. Huongezwa pia gliserini kidogo ili mchanganyiko ulingane na damu. Maziwa hamna ndani yake.

Na katika hili binadamu ameiga tu alichokiumba Allah. Jioni ukifuturu kwa sambusa na viazi vya karai, utumbo wako unayavunja yale mafuta na kuyavika koti hilo hilo la fosfolipidi. Kisha yanapitia mrija wake maalumu na kumwagikia kwenye mshipa mkubwa karibu na shingo, upande wa kushoto. Ukitolewa damu baada ya taraweh, maji yake yanaweza kuonekana na ukungu mweupe. Sote tuna dripu nyeupe ndani yetu, wala hatujui!

Huko Marekani, mwaka 1968, Dkt. Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walitangaza kwamba wamekuza watoto wa mbwa kwa kuwalisha mshipani peke yake, na wakamlisha hivyo mtoto mchanga aliyezaliwa utumbo wake umeziba, akaongezeka uzito na kukua. Leo mambo hayo mawili yameungana. Mfuko wa ami ulikuwa wa vyumba vitatu: kimoja sukari, kimoja protini, kimoja mafuta. Unapotaka kutumiwa huminywa, kuta za ndani zinaachana, vyote vinachanganyika.

INA HATARI?

Ina hatari, ndiyo maana haichezewi. Mrija ulio kwenye mshipa mkubwa ni mlango, na vijidudu vikiingia vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Mafuta yakiharakishwa kuliko mwili unavyoweza kuyatumia, yanarundikana. Kwa watoto njiti yamewahi kurundikana mapafuni na kuua. Kwa hiyo hupewa polepole kwa saa nyingi, na damu hupimwa.

Watoto wanaolishwa hivi miezi mingi kwa mafuta ya soya wanaweza kuharibika ini. Katika miaka ya 2000 madaktari wa Boston walianza kuwapa baadhi ya watoto hao mafuta ya samaki badala ya soya, na wengi ini zao zikapata nafuu. Mafuta hayo, Omegaven, yalikubaliwa rasmi Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye tatizo hilo. Siku hizi ipo pia mifuko inayochanganya soya, nazi, zeituni na samaki.

Wewe jamaa wa mgonjwa, kazi yako ni hii:

1. Mwambie daktari mapema kama mgonjwa hupatwa na madhara akila mayai, soya au samaki.
2. Usiguse kigurudumu wala mashine ya dripu. Usifunge, usifungue, usiharakishe ati iishe mapema.
3. Ukiona mafuta ya manjano yamejitenga na kuelea juu ya mfuko, mwite sista. Mfuko huo haufai.
4. Mgonjwa akitetemeka, akipata homa, akishindwa kupumua au kifua kikimbana, usingoje.
5. Usimpitishie uji kwa siri. Najua ni huruma, lakini utumbo ulioshonwa jana haujui huruma yako.

NA SWAUMU YAKE JE?

Hapa nakwenda kwa adabu, manake mimi ni mwanafunzi tu, maulamaa wapo.

Sisi wa pwani tuliosoma fiqhi ya Kishafi tunakumbuka: kinachofunguza ni kitu kuingia ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi. Mshipa sio tundu lililo wazi. Kwa sababu hiyo wako wanazuoni waliosema sindano yoyote haifunguzi. Wengine wakatazama maana yake: mtu anayepata sukari, protini na mafuta ya siku nzima amelishwa, mdomo umepita au haukupita.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa iliyo chini ya OIC, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, azimio namba 93, iliyaangalia mambo haya pamoja na madaktari. Ikasema sindano za ngozi, za misuli na za mishipa hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za kulisha. Kwa rai hiyo dripu nyeupe inafunguza. Kumbe yule mzee alisema la haki.

Ila mzee aliishia katikati, na ami akaendelea vibaya kutoka hapo. Swali "inafunguza?" kwa mgonjwa kama yule sio swali la kwanza. La kwanza ni "amelazimishwa kufunga?" Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, zinampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na zinatuambia kwamba Mola wetu anatutakia wepesi. Asiye na tamaa ya kupona ana fidia, kulisha masikini kwa kila siku. Na Suratun Nisaa, aya ya 29, inatukataza kujiua. Kukata dripu inayokuweka hai ili uonekane umefunga sio ucha Mungu. Ni kurudisha zawadi kwa aliyekupa.

MASWALI NILIYOULIZWA

Dada mmoja aliuliza: dripu hii ni halali? Nilimjibu kwamba soya ni mmea, yai ni la kuku, samaki ni halali. Mwenye shaka na kitu kingine chochote amuulize mfamasia amsomee karatasi iliyo ndani ya boksi, kila kilichomo kimeandikwa.

Kijana mmoja akauliza: je, mgonjwa hawezi kupangiwa alishwe usiku tu? Swali zuri. Wako wagonjwa, hasa wanaolishwa nyumbani miaka mingi huko Ulaya na Marekani, ambao hupewa usiku pekee, mchana wakaenda kazini. Lakini hilo daktari hulipanga pole pole, akapunguza mwendo kabla ya kusimamisha, na mgonjwa mwenyewe awe ametulia. Sio mtu aliyepasuliwa juzi ajipangie kitandani. Wewe uliza. Daktari akisema hapana, ni hapana.

Mwingine akauliza, huku wenzake wanacheka: mtu mzima wa afya akienda kliniki kutungikwa dripu ya vitamini mchana wa Ramadhani kwa sababu amechoka? Nilimwambia, ndugu yangu, ukitaka kula, kula. Usimtume sista akulie.

MWISHO

Ami alikaa na dripu nyeupe siku 16. Siku ya 17 alipewa maji ya uvuguvugu kijiko kimoja, akalia. Ramadhani ikaisha yuko wodini. Alipopata nguvu alilipa siku zake zote, moja moja, Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikafunga naye baadhi yake kwa sababu naliona ni deni langu pia.

Siku moja tukifuturu akaniambia, "Mwanangu, usiku ule wewe ulijua, sivyo?" Nikasema, "Naam, ami, nilijua." Akasema, "Siku nyingine nikataze. Nitakasirika, kisha nitapoa."

Ndugu msomaji, nyumbani kwako pengine yupo mzee mwenye sukari, mama mjamzito, au mgonjwa aliyerudi juzi kutoka hospitali, na anaficha dawa zake mpaka magharibi. Wewe umesoma, unajua, na unaona haya. Mkalie karibu leo baada ya futari, mheshimu kama inavyostahiki, kisha mwambie. Akiwa hakuamini, mpeleke kwa daktari na kwa sheikh, wote wawili.

Nililosema sawa ni kwa tawfiki ya Allah, nililokosea ni langu na la shetani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.